Sura ya Sita: Pimamaji la Kitazamio na Ila Zake

Katika sura iliyotangulia tulizungumza juu ya lenzi pana, zile zinazokusanya ndani ya picha moja upana wa digrii 90 na zaidi kutoka pembe hadi pembe, tukaona kwamba kadiri lenzi inavyopanuka ndivyo kosa la mkono linavyozidi kudhihirika. Kwani kamera ikiinuliwa uso wake kidogo tu, nguzo za msikiti huanza kuegemeana kwa juu, na ikilala ubavu hata kwa kiasi ambacho mpigaji hakukihisi, mstari wa bahari hupanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, na mtazamaji wa picha, ajapokuwa hajui lolote katika elimu hii, hutambua mara moja kwamba pana jambo lisilo sawa. Jicho la mwanadamu ni hodari wa kuhukumu nyuso, rangi na masafa, lakini linapobanwa kwenye tundu dogo la kioo hupoteza mashahidi wake wa kawaida, yaani sakafu na kuta na dari, na hukumu yake juu ya usawa huwa ya kubahatisha. Kwa sababu hiyo wale waliobuni vitazamio vya lenzi pana, navyo ni vile vioo vidogo vinavyochomekwa katika kipachiko cha juu ya kamera, pale ambapo leo watu wengi huchomeka taa ya flashi, waliona ni wajibu kutia ndani yake pimamaji dogo, ili mpiga picha aone kwa mtazamo mmoja taswira anayoitaka na kiputo kinachompa habari za ulalo wa kamera yake.

Ala hii si ngeni. Mwaka 1954 Hasselblad ya Uswidi ilitoa kamera ya lenzi pana iliyofungwa Biogon ya milimita 38, ambayo Ludwig Bertele aliisanifu kwa ajili ya Zeiss, na kwa kuwa kamera ile haikumruhusu mpigaji kutazama kupitia lenzi yenyewe wakati wa kupiga, ilivikwa kitazamio juu yake pamoja na pimamaji, ambalo katika matoleo yaliyofuata liliweza kuonekana na jicho lile lile lililokuwa kwenye kitazamio. Nusu karne baadaye, mwaka 2006, Leica ya Ujerumani nayo ilitoa kitazamio cha lenzi za milimita 16 hadi 28 chenye pimamaji ndani yake. Lakini wazo lenyewe, la kukileta kiputo mbele ya jicho linalotazama mbali, ni kongwe kuliko kamera hizo, na linanifurahisha sana kwamba mmoja wa waliolipa umbo lake alikuwa mtu wa picha. William de Wiveleslie Abney, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1843 na kufariki mwaka 1920, afisa wa jeshi la wahandisi ambaye alitumia sehemu kubwa ya umri wake kuchunguza kemia ya upigaji picha, akafika hadi kupiga picha za miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ndiye aliyetengeneza katika miaka ya 1870 kile kipimo cha mkono kinachoitwa kwa jina lake: bomba la kutazamia, juu yake pimamaji, na ndani yake kioo kilichoinamishwa na kuchukua nusu ya uwanja wa jicho, hata mpimaji akaona upande mmoja mti au mlima na upande wa pili kiputo. Wapimaji wa ardhi na mabwana misitu wamekibeba kipimo hicho mabondeni na milimani kwa vizazi kadhaa; na vitazamio vya kamera vimerithi hila hiyo hiyo, na pamoja na hila vimerithi udhaifu wake.

Ili udhaifu huo ufahamike, yafaa kwanza ifahamike kazi ya kiputo. Wengi hudhani kwamba ndani ya kichupa mna mrija ulionyooka sawasawa, na lau ungekuwa umenyooka kweli, kiputo kingekimbilia mwisho mmoja kwa mwinamo mdogo kabisa, kisifae kitu. Mrija umepindwa, kwa kiasi kidogo mno, mgongo wake ukielekea juu; kiowevu, kwa kuwa ni kizito kuliko hewa, huvutwa chini, na kiputo husukumwa mpaka kwenye kilele cha upinde; ala inapoinama kilele huhama, na kiputo hukifuata. Mfaransa Melchisédech Thévenot, ambaye baadaye alipewa amana ya maktaba ya mfalme wa Ufaransa, ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa pimamaji la namna hii, takriban mwaka 1661, na spiriti ikapendelewa kuliko maji kwa kuwa haigandi kwa baridi ya dunia hii na hutembea upesi juu ya kioo bila kung'ang'ania. Kabla ya hapo usawa ulitafutwa kwa maji yaliyo wazi au kwa uzi uliofungwa uzito. Na al-Karaji, mwanahisabati wa mwanzoni mwa karne ya 11, katika kitabu chake cha kuyatoa maji yaliyofichika ardhini, alizieleza ala za kupimia usawa kwa ajili ya mifereji ya chini kwa chini, maana mfereji uliokosewa mwinamo wake haupeleki maji popote, hata ukichimbwa kwa jasho la mji mzima.

Sasa, wepesi wa pimamaji hutegemea upinde wa mrija wake. Upinde ulio sehemu ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 1 hukihamisha kiputo milimita 17 na nusu hivi kwa kila digrii moja ya mwinamo. Lakini ndani ya kitazamio, ambamo nafasi yote ni ya ukucha wa kidole, upinde hauna budi kuwa mkali zaidi, na wenye nusu kipenyo cha sentimita 6 hukihamisha kiputo milimita 1 tu kwa digrii hiyo hiyo. Nusu ya digrii, basi, ni nusu ya milimita, kiasi ambacho jicho lililochoka au lililopigwa na jua laweza kukipuuza. Lakini picha haikipuuzi. Ukisafisha picha ya upana wa sentimita 50, nusu digrii ya ulalo huupandisha mstari wa bahari zaidi ya milimita 4 kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na hapo hata mtoto atauliza kwa nini bahari imeinama.

Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu katika miji yetu ya pwani lina uzito usiokuwapo katika miji iliyojengwa juzi kwa zege na vioo. Anayepiga picha jengo jipya la ofisi, pimamaji lake likimdanganya, aweza kuirekebisha picha baadaye kwa kufuata kona za jengo, maana kona zile zimesimama wima na hakuna anayezitilia shaka. Lakini nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, na za Lamu, na za mitaa ya kale ya Mombasa, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene, dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, nazo zimekaa miaka mia na zaidi zikinyeshewa na masika, zikipata chumvi ya bahari, zikiongezewa ghorofa na kupunguziwa nguzo kwa kadiri ya warithi walivyoongezeka na kugawana. Kuta hizo hazikusimama wima. Nyingine zimefura tumbo, nyingine zimeegemea njia, na mpiga picha anayeinyoosha picha yake kwa kuufuata ukuta wa namna hiyo huwa ameinamisha ulimwengu mzima ili ukuta mmoja uonekane mwema.

Wala haya si mambo ya urembo peke yake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba alilolijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka na watu wakapoteza maisha yao. Jengo la kale kabla ya kuanguka huinama, na mwinamo huo ukipigwa picha leo, na baada ya mwaka, na baada ya miaka mitano, kutoka mahali pale pale na kwa kamera iliyosawazishwa kwa haki, huwa ni ushahidi ambao mhandisi aweza kuupima kwa rula juu ya meza. Lakini kamera ikiwa imelala digrii moja bila ya mwenyewe kujua, ukuta uliosimama utaonekana umeinama, na ule unaokaribia kuanguka huenda ukaonekana umesimama salama. Kwa hiyo anayetaka kuziandika nyumba zetu kwa picha hana ruhusa ya kutojua hali ya kiputo chake.

Ila za pimamaji la kitazamio ni za namna nyingi, na zile zinazoonekana kwa macho ndizo zenye madhara machache. Kiputo kilichogawanyika viwili kwa mtikisiko wa safari hujionyesha chenyewe, na hurudiana kwa kukisimamisha kichupa wima na kukigonga polepole kwa ncha ya kidole. Kiputo kilichokua kupita alama zake nacho hujitangaza. Nacho hukua kwa sababu spiriti imepenya gundi kuukuu au plastiki iliyopasuka pasuka, ikayeyuka hewani chembe kwa chembe. Kiputo cha namna hii bado chaweza kutumika, maadamu mtumiaji anazilinganisha ncha zake mbili na alama za kulia na kushoto badala ya kukitafuta kipo katikati au hakipo. Lakini kikifika miisho ya mrija kazi yake imekwisha. Joto pia lina athari yake: spiriti hutanuka takriban sehemu 1 katika 1,000 kwa kila nyuzijoto moja, na kitazamio kilichoachwa mbele ya kioo cha gari mchana wa Januari kiputo chake hunywea, na pengine hutoweka kabisa, kikarudi jioni kinapopoa; ubaya ni kwamba msukumo wa ndani wakati wa joto ndio unaofungua nyufa ambazo kwazo spiriti itatoroka baadaye.

Ila mbaya ni ile isiyoonekana. Kichupa kimebanduka katika makao yake kwa unene wa unywele, au kioo kidogo kinachokileta kiputo kwenye jicho kimesogea, au mguu wa kitazamio umepindwa siku kilipoanguka, au kipachiko chenyewe cha kamera hakikufungwa sambamba na filamu tangu kiwandani: kiputo ni kizuri, kimezunguka vyema, kinatembea kwa wepesi, kinatulia katikati ya alama zake, na kinasema uongo. Na uongo huo una namna mbili ambazo sharti zitenganishwe kabla ya kufanya lolote. Upo uongo wa kudumu, ambao leo ni digrii moja kulia na kesho ni digrii moja kulia. Na upo uongo wa kigeugeu, ambao asubuhi ni kulia na alasiri ni kushoto. Mizani ya duka inayozidisha gramu 20 kila mara, mwenye duka akijua, humpa mnunuzi haki yake kamili. Ile inayozidisha leo na kupunguza kesho haiwezi kumpa haki hata ikiwa hitilafu yake ni gramu 5 tu. Muradi wangu wote katika sura hii ni huu: kosa la kudumu likishapimwa halihesabiki tena kuwa kosa, bali ni tarakimu ya kutoa au kujumlisha, na mtu asikitupe kitazamio chake, wala asikipeleke kwa fundi atakayemtoza fedha nyingi, kabla ya kujua ni uongo wa namna ipi alionao.

Jambo la ajabu, na mimi sijaacha kuliona la ajabu, ni kwamba pimamaji laweza kuhukumiwa bila ya kuwa na pimamaji lililo bora kuliko lenyewe. Waashi wetu wanalijua. Mwashi mwenye adabu ya kazi, akikabidhiwa pimamaji geni, huliweka juu ya tofali, hutazama kiputo kiliposimama, kisha huligeuza mwisho huu uwe kule na ule uwe huku, pale pale juu ya tofali lile lile. Kiputo kikisimama upande ule ule wa tofali, ala ni njema na tofali ndilo lililoinama. Kikihamia upande wa pili, tofali ni sawa na ala ndiyo iliyopotoka. Na kikihama nusu ya njia, kikakoma katikati, basi nusu ya tafauti ni ya ala na nusu ni ya tofali. Hapana hisabati iliyo nyepesi wala ya insafu kuliko hii, maana mshitakiwa hushuhudia dhidi ya nafsi yake, na ushahidi wake hukubalika.

Kwa kitazamio hufanywa hivi. Kamera isimamishwe juu ya stendi imara, isiguswe tena, na kitazamio kichomekwe kama kawaida, kisha kichwa cha stendi kirekebishwe hata kiputo kikae katikati. Halafu kitazamio kichomolewe taratibu na kurudishwa hali kimeelekea nyuma, jambo ambalo vipachiko vingi hulikubali kwa kuwa mguu wa vitazamio hivi ni wa mraba. Kiputo hakitaonekana tena kupitia tundu la jicho, lakini kitazamio cha namna hii hakikosi dirisha dogo juu yake, maana kiputo kinahitaji mwanga ili kionekane, na kupitia dirisha hilo mtu atakiona kwa kukichungulia kutoka juu, jicho likiwa limesimama wima juu yake bila ya kuegemea upande. Kikikaa katikati tena, pimamaji na mguu wake ni vya kuaminika. Kikihama milimita 2 kuelekea kulia kwa kamera, milimita 1 ni ila ya kitazamio, na ile ya pili ni ulalo wa kipachiko, ambao ulikuwa umefichwa na ila hiyo.

Hata hivyo geuzo hilo huhukumu kitazamio peke yake, na mpiga picha hapigi picha kwa kitazamio, hupiga kwa filamu au kwa kihisi kilichomo ndani ya mwili wa kamera. Yamkini kitazamio kikawa kimetakasika na kila tuhuma na bado picha ikatoka imelala, kwa sababu baina ya kipachiko na filamu kuna maungio ambayo hayakukutana sawasawa. Hapo ndipo timazi linapoitwa. Chukua uzi mwembamba mweusi, ufunge jiwe au risasi ya mvuvi, uuning'inize mbele ya ukuta mweupe ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, na jiwe lizamishwe katika ndoo ya maji bila ya kugusa ubavu wala kitako chake, ili maji yaitulize bembea. Uzi uliotulia hivyo hauna mpinzani katika nchi kavu. Kila kipimo cha usimamo tulichonacho kinarudi kwake. Kamera ikae umbali wa mita 2, uzi upite katikati kabisa ya picha, na si pembeni, maana pembeni uzi huo huo huweza kuonekana umeinama kwa sababu ya uso wa kamera kuinuka au kushuka, ilhali katikati huinamishwa na ulalo wa ubavu peke yake. Kiputo kiletwe katikati, picha ipigwe. Kisha kichwa cha stendi kilegezwe, usawa wake uvurugwe kabisa, kiputo kiletwe katikati upya, safari hii kikitokea upande wa pili, na picha ipigwe tena. Na hivyo hivyo mara kadhaa, na katika baadhi ya mara hizo kitazamio kichomolewe na kuchomekwa upya.

Picha zikishakuwa tayari, pima kila moja uzi umeachana kiasi gani na ukingo wa picha. Katika picha iliyosafishwa kwa urefu wa sentimita 24 kwenda juu, digrii moja ni milimita 4 na kidogo kutoka juu hadi chini. Katika picha ya dijitali yenye nukta 4,000 kwenda juu, digrii moja ni nukta 70 takriban. Tarakimu zikifanana, uongo ni wa kudumu, na umekwisha kukamatwa. Zikitawanyika, tazama zimetawanyika lini. Ikiwa zinabadilika kila kitazamio kinapochomekwa upya, mguu unacheza ndani ya kipachiko na ugonjwa umo katika springi zake. Ikiwa zinabadilika kufuatana na upande ambao kiputo kilitokea, basi ndani ya mrija mna uchafu au utando unaokishika kiputo kabla hakijafika kileleni. Na ikiwa zinabadilika bila ya mpango wowote, huenda jicho la mpigaji ndilo linalohama mbele ya tundu, kwani jicho likiegemea pembeni uhusiano wa kiputo na alama zake hubadilika. Dawa ya hili la mwisho ni kulizoeza jicho kukaa mahali pamoja, na kwa wavaao miwani nashauri waifanye kazi yote ya kusawazisha kwa kuchungulia kutoka juu, wasitegemee taswira ya ndani.

Wako wanaotumia upeo wa bahari badala ya uzi, nao hawakukosea, kwani upeo wa bahari kuu ni mstari wa usawa uliotandazwa bure mbele ya kila mkaaji wa pwani. Lakini na uwe upeo wa bahari iliyo wazi, isiyokuwa na nchi nyuma yake. Ukingo wa ghuba, au ufuo wa kisiwa unaokwenda mbali kwa kukata pembe, huonekana umeinama hata kwa kamera iliyo sawa kabisa, kwa sababu sehemu yake ya karibu hukaa chini katika picha na ya mbali hukaa juu. Na aliyesimama Forodhani akaufanya ufuo wa namna hiyo kuwa hakimu wake atarudi nyumbani amekiharibu kitazamio kilichokuwa kizima.

Ama matengenezo ya ila ya kudumu, ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Mguu wa kitazamio una upana wa milimita 18 na ushei. Basi kitu chenye unene wa milimita 0.3 kikiwekwa chini ya ukingo wake mmoja hukiinamisha kwa digrii moja, na karatasi moja ya kawaida ya kuandikia, ambayo unene wake ni milimita 0.1 hivi, hukiinamisha kwa theluthi ya digrii. Kiputo hukimbilia upande ulio juu. Kwa hiyo ikiwa kamera, kwa ushahidi wa timazi, iko sawa na kiputo kimeegemea kulia, ukingo wa kushoto ndio unaohitaji kuinuliwa. Karatasi hufaa kwa majaribio, lakini hunywa unyevu na kufura, na katika hewa yetu ya pwani haitakaa masika moja bila kubadilika. Kipande cha bati la kopo la soda, ambalo unene wake ni karibu sawa na wa karatasi, ni bora, kikishakatwa kwa mkasi na kusuguliwa ncha zake zisikwaruze kamera. Kwanza, hata hivyo, kichunguzwe kipachiko: katika baadhi yake springi husukuma mguu kwenda chini, na katika nyingine huusukuma kwenda juu ukabanwa na midomo ya pembeni, na katika hali hii ya pili bati la chini halifai kitu, sharti liwekwe juu ya mguu, upande ulio kinyume.

Asiyependa kuweka vibati aache kila kitu kama kilivyo, akishike kiputo pale timazi lilipokiweka, hata kama si katikati, na atie alama yake mwenyewe juu ya dirisha kwa wino usiofutika. Mimi huipendelea njia hii kuliko nyingine zote, kwa kuwa haigusi ala, na alama iliyotiwa kwa kipimo cha timazi ina haki zaidi kuliko ile iliyochorwa kiwandani. Kukifungua kichupa ili kukijaza spiriti sikushauri. Spiriti hupasua plastiki nyingi zinazotumika humo, na kichupa kipya hununuliwa kwa bei ndogo kikagandishwa mahali pa kile cha zamani, kisha timazi likaitwa tena.

Yote hayo ni ya nchi kavu. Katika chombo cha baharini kila pimamaji, jema na baya, huwa sawasawa kwa ubatili, kwa sababu kiowevu hakijui kutafautisha uzito wa dunia na msukumo wa jahazi linalopanda wimbi. Mreno Gago Coutinho, aliyevuka Atlantiki ya Kusini kwa ndege pamoja na Sacadura Cabral mwaka 1922, alitumia kipimo cha jua alichokitia pimamaji ili limpe upeo pale ambapo upeo wa bahari haukuonekana; lakini kila kiputo kilichomo katika ndege hudanganyika ndege inapokata kona au kuongeza mwendo, na rubani hungoja mpaka itulie. Kwa mpiga picha aliye jahazini hakuna kungoja. Aufuate upeo wenyewe kwa mistari ya kitazamio. Kamera za dijitali za leo zina kipimo cha ulalo cha umeme ndani yake, nacho ni msaada mkubwa, lakini nacho chaweza kupotoka, na hupelekwa mbele ya uzi ule ule na kuulizwa maswali yale yale.

Anayeziandika nyumba za kale, baada ya kufanya yote haya, na aongeze jambo moja katika kazi yake ya kila siku: kabla ya kupiga ukuta wa kwanza, auning'inize uzi wenye uzito kutoka dirishani au kwenye boriti iliyojitokeza, aupige picha moja kiputo kikiwa kwenye alama, na picha hiyo ihifadhiwe pamoja na nyingine zote za siku ile, ikiandikwa tarehe, lenzi, na mahali stendi iliposimama. Atakayezifungua picha hizo baada ya miaka 30, naye hamjui mpigaji wala hakukiona kitazamio chake, ataupima uzi kwanza, atapata hitilafu ya siku ile, ataitoa katika mwinamo wa kila ukuta, na atakachobaki nacho mkononi kitakuwa ni mwinamo wa nyumba yenyewe.